Je, wajua watu hulalaje usingizi juu ya yadi ya treni?

Mashariki mwa Kowloon, huko Hong Kong, kuna mtaa wa magorofa unaoitwa Telford Gardens. Una majengo 41 na makazi karibu 5,000. Ukitembea kwenye bustani zake huoni reli hata moja, kwa sababu reli zote ziko chini ya miguu yako. Sehemu kubwa ya mtaa huo imekaa juu ya jukwaa la zege, na chini ya jukwaa hilo ni yadi ya Kowloon Bay, ambako treni za mji zimekuwa zikilazwa, zikioshwa na kutengenezwa tangu njia ya kwanza ilipofunguliwa mwaka 1979. Baadaye ukafuata Heng Fa Chuen juu ya yadi ya Chai Wan, kisha LOHAS Park huko Tseung Kwan O, wenye minara 50 na makazi zaidi ya 20,000.

Sababu ni rahisi: ardhi tambarare ni haba na ghali, yadi inameza hekta nyingi, na kampuni ya reli hupata fedha za kujengea njia kutokana na majengo yaliyo juu yake. Swali lililonishika ni jingine. Yadi ya treni huchangamka usiku wakati watu wamelala. Treni za mwisho hurudi baada ya saa sita, na za kwanza hutoka kabla ya mapambazuko. Wanaokaa juu wanalalaje?

Nilikuwa na jibu langu, na nililiamini kwa miaka: zege. Jukwaa nene, kuta nene, reli zilizofungwa imara zisicheze. Nusu ya jibu hilo ni kweli. Nusu ya pili ni kinyume kabisa cha ukweli, na ndiyo iliyonifundisha mengi kuliko kitu kingine chochote kuhusu majengo haya.

Tuanze na nusu iliyo kweli. Sauti inayosafiri hewani huzuiwa na uzito. Kwa nadharia, ukizidisha uzito wa ukuta mara mbili unapunguza karibu desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Jukwaa la zege lililofunika yadi nzima ni kizuizi kikubwa mno, kiasi kwamba majirani wa ng'ambo ya barabara mara nyingi hupata utulivu ambao hawakuwa nao yadi ilipokuwa wazi. Hiyo ni faida ya kweli kwa mazingira, ilimradi pande za yadi na matundu ya hewa navyo vikingwe visipitishe sauti, maana yadi iliyofunikwa juu na kuachwa wazi ubavuni hutoa sauti yote kwa upande huo mmoja. Mwaka 2018 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza kelele za treni usiku zisizidi wastani wa desibeli 44. Kiwango hicho hupimwa nje ya jengo, na kwa kufunika tu, wajenzi wanaweza kukikaribia.

Lakini kelele inayomwamsha mtu aliye juu ya yadi haiji kwa njia ya hewa. Inapanda na nguzo.

Jaribu hivi. Kaa mezani, mwambie mwenzako akwaruze mbao kwa ukucha upande wa pili, taratibu kiasi cha kutosikika. Sasa laza sikio lako juu ya meza. Kile kisichosikika kinakuwa mkwaruzo mkubwa, kana kwamba ukucha uko ndani ya kichwa chako. Kitu kigumu hubeba mtetemo vizuri kuliko hewa. Hewani sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Ndani ya zege mtetemo huenda kilomita 3 hadi 4 kwa sekunde. Gurudumu likigonga reli chini, mtetemo unafika ghorofa ya 20 kabla ya sehemu ya hamsini ya sekunde kuisha.

Ukishafika, hugeuza sakafu na kuta za chumba kuwa ngozi ya ngoma. Mkazi hasikii treni kama treni. Husikia mngurumo mzito usio na upande, au huona maji yakicheza kwenye glasi. Akifunga dirisha, mngurumo unazidi kujitokeza, kwa kuwa sauti za nje zilizokuwa zikiufunika zimebaki nje.

Hapo ndipo kosa langu lilipokuwa. Nilidhani ukikaza kila kitu, mtetemo hukosa nafasi ya kucheza. Kumbe reli iliyofungwa imara kwenye zege humkabidhi zege mtetemo wake wote, zege humkabidhi nguzo, na nguzo humkabidhi mtu kitandani. Unene wa nguzo haukati safari hiyo. Kinachoikata ni kitu laini kilichowekwa katikati ya njia: mpira au springi.

Kwa nini kitu laini kizuie kile ambacho zege limeshindwa kukizuia? Chukua ukanda wa mpira, ule unaokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Funga mfuko mdogo wa mchanga kwenye ncha moja, shika ncha nyingine, acha mfuko uning'inie. Pandisha na ushushe mkono polepole: mfuko unakufuata kila uendako, kama vile umeufunga kwa kamba. Ongeza kasi kidogo na utafika mahali pa kushangaza, mkono ukicheza kidogo tu huku mfuko ukiruka juu na chini kama umepagawa. Endelea kuongeza. Ghafla mfuko unatulia. Mkono unatetemeka harakaharaka, mpira unavutika na kulegea, na mfuko umesimama hewani. Unapoanza kuitika mvuto wa kwenda juu, mkono tayari umeshageuka kwenda chini.

Kila mfuko na mpira wake una kasi yake ya asili, ile ambayo ungecheza nayo ukiachwa peke yake. Mtetemo wa kasi ndogo kuliko hiyo hupita wote. Mtetemo wa kasi sawa na hiyo hukuzwa. Faida huanza pale tu mtetemo unapopita mara 1.4 ya kasi ya asili. Ukifika mara 3, kwa hesabu ya karatasini kinachopita ni sehemu moja ya nane.

Na hapa kuna jambo ambalo hadi leo linanifurahisha. Ili kuijua kasi hiyo ya asili, si lazima ujue uzito wa mfuko wala ubora wa mpira. Pima tu mpira umevutika kiasi gani kwa uzito ulioubeba. Ukivutika sentimita 25, mfuko utacheza mara moja kwa sekunde. Ukivutika robo ya hapo, utacheza mara mbili. Milimita 4 ni karibu mara 8 kwa sekunde, iwe ni mfuko wa mchanga au jengo la tani elfu kumi. Mngurumo wa treni kwenye majengo kwa kawaida huwa kati ya mitetemo 30 na 80 kwa sekunde. Kwa hiyo jamvi la zege lililolala juu ya mipira, likaididimiza milimita 4 tu, kwa hesabu hiyo limeshaukwepa mngurumo.

Ona sasa jinsi zege nene linavyorudi kwa kazi tofauti na niliyodhani. Haliwekwi ili lizuie mtetemo kwa ugumu wake. Linawekwa ili liulemee mpira, mpira udidimie zaidi, na kasi ya asili ishuke.

Ulaini huo unaweza kuwekwa mahali popote njiani. Kuna wanaoweka vipande vya mpira chini ya reli, kuna wanaotandika mkeka wa mpira chini ya kokoto, na kuna wanaoiweka njia nzima ya reli ielee juu ya springi. Wengine hulaza jengo lenyewe juu ya mpira. Mjini London, katikati ya miaka ya 1960, jengo la makazi la Albany Court liliwekwa juu ya vitalu vya mpira wa asili kwa sababu limesimama juu ya treni ya chini ya ardhi, katika stesheni ya St James's Park. Lilikuwa la kwanza la aina yake Uingereza. Utomvu wa mti ndio unaolibeba.

Kazi hii haisamehe uzembe. Zege la majimaji likidondokea kwenye mwanya kati ya jamvi linaloelea na sehemu isiyoelea, likaganda hapo, tayari ni daraja. Kitonge cha ukubwa wa ngumi kinatosha kurudisha sehemu kubwa ya mtetemo. Bomba la maji lililopitishwa bila kiungo laini hufanya vivyo hivyo, na ndiyo maana wakaguzi hupita na tochi wakimulika mianya kabla haijafunikwa.

Hesabu za mfuko zina mipaka yake pia. Mpira unaotikiswa kwa kasi huwa mgumu kuliko unapolemewa tu, hivyo kasi halisi hupanda kuliko milimita zinavyoonyesha. Jengo nalo halitetemi kama mfuko mmoja. Mwongozo wa mamlaka ya usafiri wa umma ya serikali kuu ya Marekani unakadiria kwamba mtetemo hupungua desibeli 1 hadi 2 kwa kila ghorofa unayopanda kwenye ghorofa za mwanzo, lakini sakafu yenyewe inaweza kuukuza tena kwa takriban 6. Anayehamia juu kidogo kwa kutafuta utulivu huenda asiupate. Mwongozo huo unaweka kikomo cha mwendo wa mtetemo cha karibu milimita 0.1 kwa sekunde kwa nyumba zinazopitiwa na treni zaidi ya 70 kwa siku, wakati mtu huanza kuhisi mtetemo kwenye karibu nusu ya hapo. Maana yake, jengo linaweza kufaulu kipimo na mkazi bado akahisi. Kuhusu usingizi, tafiti za mtetemo ni chache mno kuliko za kelele, na kikomo hiki kimejengwa zaidi juu ya malalamiko ya watu kuliko juu ya vipimo vya afya zao.

Afadhali kuzuia kwenye chanzo. Yadini treni huenda polepole, kwa hiyo nilidhani mitetemo ingekuwa midogo. Lakini yadi imejaa pointi, yaani pale treni inapohamishwa kutoka njia moja hadi nyingine. Kwenye kila pointi kuna pengo dogo, na kila gurudumu hudondokea humo na kugonga. Mpangilio mzuri huweka pointi mbali na nguzo za minara, na reli huchomelewa ziungane badala ya kuachwa na maungio. Magurudumu yaliyobapa upande mmoja baada ya breki kukaza hugonga kila yanapozunguka. Dawa yake ni mashine ya kukereza iliyozikwa sakafuni, inayoyarudishia mduara yakiwa bado chini ya treni. Kwa kawaida mashine hiyo huwa ndani ya yadi ileile.

Athari nyingine nitazipitia kwa haraka. Maji ya kuoshea treni na kufulia vipuri hupitishwa kwenye mitego ya mafuta kabla ya kuingia mferejini. Joto la treni na mitambo lililofungiwa chini ya jukwaa huhitaji njia ya kutokea: bustani ya Hudson Yards mjini New York, iliyo juu ya yadi inayofanya kazi, ilibidi ipozewe udongo ili mizizi ya miti isiungue. Jambo zito zaidi ni saruji, ambayo utengenezaji wake hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Nguzo za yadi hupangwa kufuata reli, kuta za nyumba hufuata vyumba, na mbili hizo zisipokutana hulazimu kumwaga tabaka la zege lenye unene wa mita kadhaa ili kuhamisha uzito. Mbunifu anayepanga minara ishuke moja kwa moja kwenye nguzo zake huokoa hewa ukaa nyingi kuliko paa la mimea litakalofidia.

Ugumu huongezeka yadi ikiwa tayari inatumika, kama Siu Ho Wan kwenye kisiwa cha Lantau. Yadi hiyo ya takriban hekta 30 huhudumia treni za uwanja wa ndege na za Tung Chung tangu 1998, na juu yake yamepangwa makazi takriban 20,000. Mchana reli ni za treni. Mafundi hupata nafasi kwenye reli usiku wa manane. Sheria ya kelele ya Hong Kong nayo inataka kibali maalumu kwa ujenzi wa mashine kati ya saa moja jioni na saa moja asubuhi. Saa ambazo reli inaruhusu ndizo ambazo usingizi wa majirani unakataza. Njia ya kupita hapo ni kufyatua vipande vya jukwaa mchana, mbali na hapo, na usiku kuvinyanyua tu na kuvishusha juu ya nguzo.

Pale jengo linapolazwa juu ya mpira, kando ya kila kitalu wabunifu makini huacha uwazi mdogo, usio na kitu. Ni nafasi ya jeki. Mpira huzeeka, na siku moja jengo litabidi liinuliwe milimita chache ili kitalu kitolewe na kingine kiingizwe.