Machi 21 ina siku ngapi?

Asubuhi moja ya tarehe 21 Machi, mwalimu mwenzangu aliingia chumba cha walimu akiwa na soksi ya njano mguu wa kulia, na ya bluu yenye madoadoa mguu wa kushoto. Tulimcheka sana. Mmoja akamuuliza kama umeme ulikatika wakati anavaa. Alituacha tucheke mpaka tukachoka, halafu akasema, "Ndugu zangu, leo ni siku ya soksi," akachukua chaki zake akaenda darasani. Nikadhani ni utani wake wa kila siku. Mchana nikachungulia kwenye simu, nikakuta ni kweli, tena soksi ndizo ndogo. Tarehe hiyo hiyo ni ya misitu, ya mashairi, ya vikaragosi, ya rangi, ya kupinga ubaguzi. Waajemi wanaanza mwaka. Waarabu wengi wanamsherehekea mama. Na huko Marekani kuna kalenda zinazosema ni siku ya mkate wa Kifaransa, ule mrefu kama mchi.

Siku za namna hii ndizo tunazoziita siku za maadhimisho. Kuadhimisha ni kukipa kitu adhama, yaani kukikuza na kukiheshimu mbele ya watu. Si lazima iwe sikukuu. Sikukuu tunaijua wote, ofisi zinafungwa, watoto wanabaki nyumbani, nyama inapanda bei. Siku ya maadhimisho haimtoi mtu kazini, labda yule aliyepewa fulana. Kumbukizi nayo ni jambo jingine, maana hufuata mtu aliyefariki au tukio lililopita. Mipaka hii huvukwa mara kwa mara, na tarehe 21 Machi inaivuka yote mitatu, kama tutakavyoona.

Kwetu siku ya maadhimisho ina sura yake. Turubai, viti vya plastiki, matarumbeta, risala inayosomwa na mtu mwenye sauti ndogo kuliko wote, kaulimbiu iliyochapwa mgongoni mwa fulana nyeupe, na mgeni rasmi aliyesubiriwa tangu saa mbili akafika saa tano. Hiyo siku yenyewe wanaiita kilele. Nimekaa kwenye vilele vingi vya namna hiyo, na siku zote nilikuwa nikijiuliza ni nani aliyekaa mahali akasema siku fulani iwe ya jambo fulani.

Jibu ni kwamba wako wengi, na hawana uzito sawa. Siku zenye nguvu zaidi hupitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Nchi moja au kadhaa huandaa azimio, hutafuta wenzao wa kuliunga mkono, likipita siku imezaliwa. Umoja wa Mataifa sasa una siku zaidi ya 200 za aina hiyo, kwa hiyo hesabu rahisi tu inaonyesha kwamba lazima zipandiane. Mashirika yaliyo chini yake nayo hutangaza siku zao. Siku ya Kiswahili Duniani ilipita kwa njia hiyo. UNESCO, shirika la elimu, sayansi na utamaduni, iliipitisha Novemba 2021, tukaiadhimisha mara ya kwanza 2022, na tarehe 7 Julai ilichaguliwa kwa sababu siku kama hiyo mwaka 1954 TANU iliamua Kiswahili kiwe lugha ya kudai uhuru. Chini ya hapo kuna vyama vya kitaaluma, halafu serikali za nchi moja moja, halafu makampuni, na mwisho kabisa mtu yeyote mwenye wazo na muda.

Huko mwisho ndiko vituko vinakotoka. Mwaka 1957 ndugu wawili wa Kimarekani, William na Harrison Chase, walianza kukusanya siku na matukio ya mwaka mzima kwenye kitabu kimoja, na kitabu hicho kikawa kinatoka kila mwaka. Mtu anaweza kupeleka pendekezo, wahariri wakilikubali linaingia. Ndivyo unavyokuta siku ya kuongea kama haramia wa baharini, tarehe 19 Septemba, iliyobuniwa na marafiki wawili mwaka 1995 wakiwa katika mchezo wao, ikavuma miaka saba baadaye mwandishi mmoja wa magazeti alipoiandika. Watu hudhani kila siku ya Marekani yenye neno "taifa" imepigiwa kura bungeni. Zamani bunge lao lilikuwa likipitisha siku nyingi kweli, mpaka mwaka 1995 Baraza la Wawakilishi likajiwekea kanuni ya kutopokea tena miswada ya namna hiyo. Machi 21 ina mfano wa kila upande. Siku ya mzazi anayelea peke yake ilitangazwa kwa tamko la Rais Ronald Reagan mwaka 1984. Siku ya mkate wa Kifaransa haina tamko lolote la namna hiyo. Kwenye kalenda zimekaa pamoja, kwa herufi za ukubwa ule ule.

Basi ukikutana na siku usiyoijua, usianze na kuuliza inahusu nini. Uliza kwa nini tarehe ile. Siku yenye sababu utaijua hapo hapo.

Tuanze na soksi. Mwili wa binadamu hubeba maelekezo yake kwenye nyuzi ndogo sana ndani ya chembe hai, ziitwazo kromosomu. Watu wengi wana jozi 23. Mtu mwenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo, ana kromosomu moja ya ziada kwenye jozi ya 21, yaani hapo zipo tatu badala ya mbili. Hali yenyewe ilielezwa na daktari Mwingereza John Langdon Down mwaka 1866, lakini sababu yake ilikuja kuchapishwa mwaka 1959 na Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake. Kromosomu tatu za namba 21, mwezi wa tatu tarehe 21. Wamarekani, ambao huandika mwezi kabla ya tarehe, wanasoma 3/21, na maana haipotei. Siku ya Sindromu ya Down Duniani ilianza kuadhimishwa 2006, Umoja wa Mataifa ukaikubali kwa azimio la Desemba 2011. Na soksi je? Ukiziangalia kromosomu kwenye picha ya hadubini, zimekaa kama soksi zilizotupwa sakafuni. Unavaa zisizofanana ili mtu akuulize, nawe upate nafasi ya kumweleza. Mwalimu mwenzangu, kumbe, alikuwa ametutega. Sisi tulicheka tu, hatukuuliza, na alituacha na ujinga wetu.

Sababu nzito kuliko zote iko Sharpeville, kitongoji cha Waafrika kusini mwa Johannesburg. Mwaka 1960 chama cha PAC, cha kupinga utawala wa ubaguzi, kilichoongozwa na Robert Sobukwe kiliwaita watu waache vitambulisho vyao vya kupitia nyumbani, waende vituo vya polisi wakajitoe wakamatwe. Mwafrika bila karatasi ile hakuweza kutembea katika nchi yake. Tarehe 21 Machi umati ulikusanyika nje ya kituo cha Sharpeville, polisi wakafyatua risasi. Hesabu rasmi ni watu 69 waliouawa, na wengi walipigwa mgongoni wakikimbia. Mwaka 1966 Umoja wa Mataifa uliifanya tarehe hiyo kuwa Siku ya Kimataifa ya Kutokomeza Ubaguzi wa Rangi. Afrika Kusini yenyewe leo inaiita Siku ya Haki za Binadamu, na huko ni sikukuu kamili. Mandela aliichagua Sharpeville alipokwenda kutia saini katiba mpya, Desemba 1996. Ndiyo maana mimi husita kuiita Machi 21 siku ya vituko, hata kama nimevaa soksi za rangi mbili.

Namibia nao waliichukua. Sam Nujoma aliapishwa rais wa kwanza wa nchi huru tarehe 21 Machi 1990, na 2025 tarehe hiyo hiyo Netumbo Nandi-Ndaitwah akaapishwa kuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza. Mnamibia ukimuuliza Machi 21 ni siku gani, hatakuambia vikaragosi.

Kundi jingine la siku limevutwa na jua. Huu ndio wakati mchana na usiku vinapolingana duniani kote, siku hizi mara nyingi tarehe 20, mara chache 21. Kwa watu wa kaskazini ya dunia ni mwanzo wa majira ya machipuko, theluji inayeyuka, miti inatoa majani. Misitu ilipewa tarehe hii tangu 1971 kupitia FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, na Baraza Kuu likaipitisha upya mwaka 2012. Mashairi yalipewa na UNESCO 1999. Majani mapya na mashairi, unaona kabisa mtu wa Ulaya alivyofikiri. Kwetu Machi si majira ya machipuko. Ni joto la mwisho la kaskazi, mabati yanalia, watu wanatazama angani wakisubiri masika. Lakini tuna chetu ambacho wao hawana. Simama Kisumu siku hiyo kwenye saa saba kasorobo mchana, karibu na mlingoti wa bendera. Kivuli cha mlingoti kinakuwa kimejikunja kwenye shina lake, karibu hakipo, kwa sababu jua liko utosini kabisa.

Na hapo ndipo Waajemi wanapoanzia mwaka wao, Nowruz, maana yake siku mpya. Iran, Tajikistan, Azerbaijan na Afghanistan wanaijua kwa karne nyingi, ila Umoja wa Mataifa uliitambua 2010 tu. Iran wanaandaa meza ya vitu saba vyenye majina yanayoanza na herufi sini, pakiwemo tufaha, kitunguu saumu na siki. Msomaji wa pwani atakuwa ameshalisikia jina hilo. Ndiyo Nairuzi yetu, siku ya mwaka, ambayo mabaharia na wakulima wa zamani walianzia kuhesabu miongo, siku kumi kumi, kujua lini upepo utageuka na lini wapande. Makunduchi, kusini mwa Unguja, bado wanaiadhimisha kwa jina la Mwaka Kogwa. Wanaume wanachapana kwa migomba, mashaka ya mwaka yanaishia hapo, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wanaimba wamevaa kanga na nguo zao nzuri, na mgeni anakaribishwa chakula hata kama hajulikani. Lakini wao hufanya mwezi wa Julai. Hesabu ya zamani ilikuwa ya siku 365 kamili, haina siku ya nyongeza ya mwaka mrefu, kwa hiyo kila miaka minne inalitangulia jua kwa siku moja. Majina yamebaki ndugu, tarehe zimeachana.

Siku ya Mama ya Waarabu pia imekaa kwenye machipuko. Ilianza Misri mwaka 1956 kwa wazo la mwandishi wa habari Mustafa Amin, ikaenea nchi nyingi za Kiarabu. Jamaa zetu wa Ghuba basi wanaweza kumpigia mama simu Machi, na wa Nairobi wakampigia Mei, kwa Jumapili ya pili iliyotoka Marekani. Mama mwenye watoto pande zote mbili amebahatika.

Vikaragosi vilipata siku 2003 kupitia UNIMA, chama cha wachezeshaji kilichoanzishwa Prague 1929. Sina mengi ya kusema hapo, ila neno letu lenyewe linanifurahisha, maana kikaragosi limetoka kwa Karagöz, mhusika wa mchezo wa vivuli wa Waturuki. Rangi nayo ina siku yake tangu 2009, iliyowekwa na chama cha wataalamu wa rangi. Tupite.

Aliyefika mwisho ni barafu. Baraza Kuu liliamua mwishoni mwa 2022, kwa pendekezo la Tajikistan, kwamba kuanzia 2025 Machi 21 iwe Siku ya Barafu za Milimani Duniani. Afrika barafu za namna hiyo ziko sehemu tatu tu, Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori, na zote zinapungua. Hii nadhani ndiyo siku yetu kuliko ya misitu, ingawa turubai lake bado sijaliona.

Shuleni kwetu, mwaka uliofuata, mwalimu wa soksi aliamua kuzimaliza zote kwa pigo moja. Watoto wa darasa la tano walikuja na soksi za rangi mbilimbili, wasio na soksi wakafungwa utepe mguuni. Wakatoka nje wakapanda mwarobaini nyuma ya jiko, kisha binti mmoja akasoma shairi la beti nne alilolitunga kuhusu mti huo, vina vya kati vikiwa vimempiga chenga kwenye ubeti wa tatu. Mgeni rasmi hakuwepo. Masika yalichelewa mwaka ule, mwarobaini ukanyweshwa maji ya kunawia mikono mpaka mwishoni mwa Aprili.