Kikosi Kisichofikiwa na Amri Bado Kina Bunduki: Ufafanuzi wa Kanuni ya Nane

Kanuni ya nane ya mchezo wangu wa mezani wa Mapigano ya Tanga ina maneno matano tu, nami niliyaandika nikiamini kuwa yanatosha: "Kikosi kisichofikiwa na amri hakishambulii." Ijumaa iliyopita, tulipokuwa tumeitandaza ramani barazani Kibokoni, hapa Mombasa, wachezaji wawili waliyabishania maneno hayo mpaka dele la kahawa likapoa. Mmoja alishikilia kwamba kikosi cha namna hiyo hakina ruhusa hata ya kujibu risasi, na mwenzake akadai kwamba kinaweza kufyatua kitakavyo maadamu hakijatoka katika chumba kilichomo. Wote wawili walikosea, lakini lawama ni zangu, kwa kuwa neno "kushambulia" nililiacha bila mpaka.

Kwa asiyeujua mchezo, ramani imegawanywa vyumba vya pembe sita, kuanzia Ras Kasone upande wa mashariki, ambako Waingereza walianza kushuka usiku wa tarehe 2 Novemba 1914, mpaka viunga vya magharibi vya mji wa Tanga. Mchezaji wa Kiingereza ana kete za jeshi la Jenerali Arthur Aitken, askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka Bara Hindi. Mjerumani ana kombania za Paul von Lettow-Vorbeck, ambazo kwa jumla zilifikia kama watu 1,000. Mchezaji mgeni huzihesabu kete na kudhani kwamba kazi imekwisha. Kumbe Aitken, ambaye mwishoni mwa Oktoba alikuwa hapa hapa Mombasa akipanga shughuli hiyo, aliwapeleka vitani watu waliokuwa wamebanwa melini tangu walipoondoka Bombay katikati ya mwezi, akawaingiza mashambani na vichakani bila upelelezi wa maana, na vikosi vikapoteana. Lettow-Vorbeck aliwaleta watu wake kwa reli ya Usambara kutoka upande wa Moshi, na usiku aliofika akapita mjini kwa baiskeli ili ajionee mwenyewe. Kwa ajili ya baiskeli hiyo nimempa masafa ya amri, yaani umbali ambao amri zake hufika, ya vyumba 5, ilhali kamanda wa brigedi wa Kiingereza ana 3.

Masafa hayo hupimwa mara moja tu, mwanzoni mwa zamu ya mwenye kete, kabla ya kete yoyote kusogea. Chumba alichosimama kamanda hakihesabiwi, cha kikosi kinahesabiwa, na kila chumba cha shamba au kichaka huhesabiwa mara mbili. Kikosi kilicho nje ya masafa huwekewa kifungo cheusi cha shati, nacho hubaki na kifungo hicho mpaka zamu inayofuata ya mwenyewe, ikiwa ni pamoja na zamu nzima ya adui iliyo katikati. Hapa ndipo ninapoona ujanja mwingi: mchezaji anamsogeza kamanda wake mbele, kisha anaviondoa vifungo akisema kwamba sasa wamefikiana. Hairuhusiwi. Amri ya mwaka 1914, katika kichaka cha Tanga, ilibebwa na mtu aliyekwenda kwa miguu.

Sasa kanuni yenyewe. Nimeiandika upya hivi: "Kikosi chenye kifungo hakiwezi kusogea kumkaribia adui wala kuwa cha kwanza kufyatua risasi. Kikifyatuliwa risasi hujibu, kwa dadu moja pungufu ya nguvu yake, lakini si chini ya moja." Kinachokosekana kwa kikosi hicho ni uamuzi wa kuanza. Bunduki kinazo, na askari wake wanaona kinachowajia.

Tuchukue mfano uliozusha ule ubishi. Kombania ya 13 ya Wajerumani, yenye nguvu 4, inatokea kusini, kama ilivyotokea alasiri ya tarehe 4 Novemba, na kulikuta ubavuni batalioni la Mwingereza la 101 Grenadiers lenye nguvu 3 na ari, yaani moyo wa kupigana, 7. Kamanda wa brigedi yuko vyumba vitatu tu kwa kuangalia kwa macho, lakini viwili kati ya hivyo ni shamba, hivyo hesabu inakuwa 5, na batalioni lina kifungo. Mjerumani anarusha dadu nne; kila 5 na kila 6 ni pigo. Anapata 6, 5, 3 na 1, yaani mapigo mawili. Kabla ya nguvu kupunguzwa, kwa sababu risasi za pande zote mbili huhesabiwa kuwa zimelia pamoja, Grenadiers wanajibu kwa dadu mbili badala ya tatu na kupata 6 na 2. Kombania inashuka hadi nguvu 3. Batalioni nalo linashuka hadi nguvu 1, na ari yake inapungua kwa idadi ya mapigo, kutoka 7 hadi 5.

Bado kuna jaribio la ari, na hapo ndipo uzito wa amri unapoonekana kuliko kwenye risasi zenyewe. Dadu mbili zinarushwa na jumla inakuwa 8, yaani tatu zaidi ya ari iliyobaki. Kikosi kilichofikiwa na amri kingerudi nyuma chumba kimoja tu, hata tofauti ikiwa kubwa kiasi gani, kwa sababu yupo mtu wa kukisimamisha. Kilicho na kifungo hurudi tofauti yote: vyumba vitatu kuelekea ufukweni, na kikipita katika chumba cha mwenzake mwenye kifungo, huyo naye anajaribiwa ari. Nimewahi kuona ubavu mzima wa kushoto ukiyeyuka kwa mtindo huo ndani ya zamu moja, na mwenye kete akinitazama kana kwamba nimemwibia.

Kuhusu nyuki, ambao wachezaji huwapenda kupita kiasi: ndiyo, walikuwepo, na waliwauma watu wa pande zote mbili baada ya risasi kuitikisa mizinga ya nyuki hao. Kadi ya nyuki huwekea kikosi kifungo cheusi, basi. Haiui mtu.

Limebaki suala la baragumu. Jioni ya tarehe 4, kombania za Wajerumani zilisikia baragumu, zikaielewa vibaya na kurudi magharibi ya mji, hivyo kwa saa kadhaa za usiku Tanga ikawa karibu tupu, na Waingereza wasiingie. Katika mchezo, mwishoni mwa zamu ya jioni Mjerumani hurusha dadu moja. Ikitoka 1 au 2, kombania zote huhamia ukingo wa magharibi, isipokuwa ile iliyo chumba kimoja na Lettow-Vorbeck. Nimeulizwa kama huko ni kurudi nyuma kwa mujibu wa kanuni za mapigano. Sivyo: ni mwendo wa kawaida, hakuna jaribio la ari wala nguvu inayopungua, na asubuhi Mjerumani hurudisha kila kombania kwa kutumia amri moja. Mwingereza naye anaruhusiwa kuuingia mji usiku huo, ila kwa vikosi visivyo na kifungo. Katika meza yetu ameingia mara moja tu, na kikosi alichokuwa nacho cha kuingilia kilikuwa kimoja, chenye nguvu 1.