Elimu maalumu siyo jina la jengo

Juzi nimesikia tena, safari hii kwa mwalimu kabisa: "huyu ana kigugumizi, mpelekeni elimu maalumu." Mpelekeni wapi sasa? Elimu maalumu ni mafundisho na msaada unaopangwa kufuata uhitaji wa mtoto fulani, basi. Inaweza kutolewa kwenye shule ya peke yake, lakini pia inaweza kutolewa hapohapo darasani alipo na wenzake.

Hebu liangalieni neno lenyewe. Maalumu limetoka Kiarabu, maana yake ya asili ni "kinachojulikana", na mzizi wake ndio huohuo uliotupa elimu, mwalimu na taaluma, yaani haya maneno yote ni ndugu na yote yanazungumzia kujua. Kwenye Kiswahili likasogea kidogo likawa "kilichowekwa kwa jambo fulani", na sijui ni wapi tukaanza kulisikia kama "kilichotengwa". Mimi napenda ile maana ya kwanza maana ndo inasema kazi yenyewe, huwezi kumpangia mtoto elimu maalumu kabla hujajua shida yake ni ipi.

Na hapa ndo watu wanachanganya zaidi, usemi na lugha. Mtoto anayesema "thitaki" badala ya sitaki, au anayekwama "m-m-m-mama", huyo maneno anayo yote kichwani na sentensi anaijua, kinachosumbua ni kuitoa. Hiyo ni shida ya usemi. Wa lugha ni tofauti, unamwambia "lete viatu vilivyo chini ya kitanda" na anasikia vizuri tu ila haelewi anatakiwa afanye nini, au umri umeenda na bado hawezi kuunga maneno kama wenzake. Mtoto anaweza kuwa na zote mbili, ndiyo, lakini msaada wake si mmoja, na kabla ya yote apimwe masikio maana asiyesikia vizuri anaweza kushindwa kutamka vizuri. Tena kigugumizi mara nyingi huanza kati ya miaka 2 na 5 na watoto wengi kinawaisha, wala si dalili ya akili ndogo. Hili linaniuma kweli, mtoto anajua jibu, anakaa kimya kwa kuogopa kuchekwa, halafu anaandikiwa "mzito kuelewa".

Msaada wenyewe darasani mara nyingi ni kumsubiri amalize bila kumdakia neno, kumpa nafasi ya kujibu kwa kuandika pale ambapo kinachopimwa si kuongea, kumpangia vipindi na mtaalamu wa tiba ya usemi, na kwa asiyeweza kutamka kabisa, ubao wa picha wa kuonyesha anachotaka. Tamko la Salamanca, yaani makubaliano ya nchi nyingi kuhusu elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu yaliyotolewa Hispania mwaka 1994, lilishasema shule za kawaida ziwapokee watoto wote, wenye mahitaji haya wakiwemo.

Kwa hiyo mwalimu wangu, badala ya "mpelekeni elimu maalumu" waambie wazazi "anahitaji msaada wa usemi, tuanze na vipimo." Na hilo neno bubu usimwite mtoto anayeongea kwa shida, huyo anaongea, msubiri.