Paukwa bila pakawa

Miaka kadhaa nyuma tulipeleka igizo kijijini, upande wa Machame. Habari yake ilikuwa ile ya kila siku huku kwetu: mume kafa, shemeji anamtoa mjane kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, na mwisho wa mchezo shemeji anaingiwa na aibu, anapiga magoti na kuomba radhi. Tulilifanyia mazoezi wiki tatu hapa Moshi mjini. Mimi niliyeliongoza nilikuwa na hakika kwamba watu watatoa machozi.

Shemeji akapiga magoti. Kimya. Bibi mmoja aliyekaa mbele kabisa, khanga begani, akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya: "Sasa sale liko wapi?"

Uwanja mzima ukacheka. Kwa msomaji asiye wa huku: Mchaga akiomba msamaha kwa jambo zito huja na jani la isale, na ukishaletewa jani hilo si rahisi kumfukuza aliyelileta. Bila jani, yule mwigizaji wangu alikuwa kijana tu aliyechafua suruali. Kijana mwingine akakimbia hadi ukingo wa shamba la jirani, maana isale ndiyo hiyohiyo hupandwa mipakani mwa vihamba, akakata jani na kumkabidhi shemeji. Tukarudia. Safari hii shemeji hakusema maneno yote niliyomwandikia. Alilinyoosha jani, akanyamaza. Wala watu hawakupiga makofi, walianza kubishana. Jani halitoshi, akasema mmoja, kwanza arudishe mpaka mbele ya wazee wa ukoo. Mwingine akauliza huyo mjane ana watoto wa kiume au hana. Tulimaliza giza linaingia, na kwa maoni yangu igizo lilianza pale nilipodhani limekwisha.

Kazi yangu ni kufundisha waongoza kwaya na vikundi vya maigizo ya jamii, na pembeni huwaandikia watu hotuba, barua na risala. Wanafunzi hudhani ni kazi tatu. Mimi naiona moja: kupima ni kipande gani umwachie msikilizaji akimalizie mwenyewe. Ukiacha kikubwa mno, anapotea. Usipoacha kitu, anakaa anakutazama.

Lugha yetu ililijua hilo kabla ya shule. Msimulizi anasema "Paukwa!" na hawezi kuendelea mpaka apewe "Pakawa!" Mtega kitendawili anasubiri "Tega!", na wakishindwa kutegua wanampa mji, yaani hata kushindwa kwao kuna malipo. Ukimpa mtu nusu ya methali, haba na haba, hakuna Mswahili atakayekaa kimya kwenye hiyo nusu nyingine.

Kwenye ushairi mambo ni ya hesabu kabisa. Arusha kuna uwanja wa mpira unaoitwa Sheikh Amri Abeid, na wengi wanaoingia pale hawajui kwamba huyo alikuwa mshairi, aliyechapisha mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Chukua tarbia ya kawaida: mishororo minne, kila mmoja mizani 16, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Watu huona sheria hizo kama pingu kwa mtunzi. Mimi naziona kama ahadi kwa msikilizaji. Akishasikia kina mara mbili, sikio lake linakisubiri cha tatu, na kibwagizo kikija anakidaka yeye. Vijana wa hip hop wa Chuga, yaani Arusha, wanafanya jambo lilelile bila kuhesabu mizani: anarapu mstari, neno la mwisho analimeza, anageuzia kipaza sauti kwa watu, na wao wanalitupa. Wamelijuaje? Kina kimewaonyesha. Nimewahi kuona pia msanii akigeuza kipaza sauti kwa wimbo ambao watu hawaujui. Yale ni mateso, mtu unatamani umeme ukatike.

Taarabu inakwenda mbali zaidi, kwa sababu kule msikilizaji hatoi sauti tu, anatoa na maana. Mama anainuka ubeti unapofika, noti mkononi, anacheza taratibu kuelekea kwa mwimbaji, na kabla ya kutunza anapita mbele ya meza fulani. Mtunzi hakumjua mtu wa meza ile, pengine alitunga miaka 20 iliyopita. Lakini kwa dakika ile wimbo unamhusu yeye, na ukumbi wote umejua. Mafumbo ya taarabu yameachwa wazi makusudi ili yaweze kuelekezwa, na ukiyafafanua hayafai tena kumpasha mtu.

Wazungu nao waliwahi kuamua kumnyamazisha mtazamaji. Mtunzi wa opera Richard Wagner alipofungua ukumbi wake Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876, upande wa watazamaji ulitiwa giza na okestra ikafichwa shimoni, mtu asiwe na pa kutazama ila jukwaani. Paris katika karne hiyohiyo walikuwa na balaa lao jingine: kumbi zililipa watu wa kupiga makofi, wa kucheka, hata wanawake wa kufuta machozi kwa leso. (Tusiwacheke sana. Sote tumewahi kukutana na lori la washangiliaji likitoka mkutanoni.) Augusto Boal, mwongoza maigizo wa Brazil, miaka ya 1970 aligeuza kabisa: igizo linachezwa, linarudiwa, na yeyote aliyeona kosa anasimamisha mchezo, anapanda, anaigiza anavyoona ingefaa. Bibi wa Machame hakuwahi kumsikia Boal. Aliona kosa, akasema.

Ila mwalimu wangu mkubwa wa kuandika kwa kushawishi ni ile hotuba ya mazishi katika tamthilia ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili na kuichapisha mwaka 1963. Shakespeare aliiandika kwa majukwaa ya mchana kweupe, wenye peni 1 wakiwa wamesimama chini ya waigizaji. Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar kwa hofu kwamba atajifanya mfalme, anaanza. Anatoa sababu zilizopangwa vizuri, kwa lugha ya nathari, na umati unamshangilia kwa kupiga kelele kwamba yeye ndiye awe Caesar. Hapo unajua hawakumwelewa hata neno moja! Kisha anakuja Antony, rafiki wa marehemu. Anataja wosia wa marehemu halafu anakataa kuusoma. Wanaudai. Anakataa tena, anasema utawaumiza. Anasema Brutus ni mtu mheshimiwa, anarudia, na anarudia tena, mpaka wao wenyewe wanaanza kuwaita wauaji wasaliti. Anapofika kusoma kwamba kila raia ameachiwa drakma 75, wameshaudai wosia kiasi kwamba ni wa kwao.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikuwa ameuona ufundi huu kitambo. Alisema hotuba ina msemaji, jambo linalosemwa na mwenye kusemeshwa, na huyo wa tatu ndiye mwisho wa safari yote. Na hoja ya jukwaani, kwa maelezo yake, haitamki kila kiungo. Kile ambacho msikilizaji anakijua, anakiongeza mwenyewe. Wanafunzi wangu huona hilo gumu mpaka niwatolee mfano wa mchango wa harusi.

Mzee mmoja wa Kiboroloni alinijia na ujumbe aliotaka kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la familia. Binti anaolewa. Ujumbe ulikuwa mrefu kama risala ya mwenge: elimu ya binti, gharama za ukumbi, kiwango cha chini cha mchango, na chini kabisa sentensi moja, kwamba yeye na mkewe hawajawahi kukosa kumchangia yeyote humu, misiba na harusi. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, hiyo ya mwisho ifute." Akakataa. Hiyo, akasema, ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Nikamjibu kwamba ndiyo maana. Akautuma kama ulivyo. Siku nne, mtu mmoja tu kaweka alama ya kidole gumba.

Akarudi. Tukaandika mistari mitatu: jina la binti, tarehe, mahali pa send-off. Kiwango tukakiondoa. Tukamalizia, "Ninyi mnatufahamu." Alituma akiwa amekaa pale kwangu, chai haijapoa, na jibu la kwanza likatoka kwa shemeji yake wa Himo, mama ambaye kwa kawaida hata salamu hajibu:

"Mlinizikia mama yangu. Laki mbili."