Kakeksia: kukonda kwa saratani ambako chakula peke yake hakikuponyi

Kakeksia ni kuisha kwa misuli ya mwili kunakoletwa na ugonjwa wenyewe, mafuta yakipungua pamoja nayo au yakibaki, kiasi kwamba kumlisha mgonjwa peke yake hakutoshi kumrudisha alivyokuwa. Huwapata pia watu wenye moyo ulioshindwa kazi, figo zilizochoka, TB na UKIMWI. Lakini inayochunguzwa zaidi na watafiti ni ile ya saratani, na ndiyo nitakayoieleza hapa. Saratani za kongosho, tumbo, umio na mapafu ndizo zinazoongoza kwa kuileta.

Huku kwetu kukonda kuna historia yake. Miaka ya 1980 watu wa Rakai, Uganda, waliuita UKIMWI "Slim" kwa jinsi ulivyowamaliza watu mwili, na ng'ambo ya mpaka, Kagera, ukaitwa "Juliana". Tangu hapo mtu akikonda ghafla majirani wana majibu tayari: ana virusi, ana TB, au amerogwa. Mgonjwa wa saratani hubeba ugonjwa wake na maneno ya mtaa juu yake. Nyumbani nako kuna jibu la nne, lenye upendo ndani yake na madhara mengi: anakonda kwa sababu hataki kula. Ndugu hupika mchuzi wa kuku wa kienyeji, mgonjwa anaonja vijiko viwili na kusukuma bakuli, na ugomvi unaanza.

Ili kuelewa kwa nini lawama hiyo haina haki, tazama kwanza mtu mwenye njaa ya kawaida. Mwili wenye afya ukikosa chakula hujibana matumizi. Moto wake wa ndani hupungua, huchoma mafuta kwanza, na baada ya siku kadhaa ubongo hujifunza kutumia ketoni zinazotokana na mafuta hayo, hivyo misuli huachwa kadiri inavyowezekana. Mletee chakula, naye hurudi. Katika kakeksia ubanaji huo haupo. Mgonjwa anakula kidogo, lakini mwili wake akiwa amelala tu unaweza kuwa unatumia nishati nyingi kuliko zamani, na misuli inaliwa tangu mwanzo sambamba na mafuta. Kukosa hamu ya kula na kuisha misuli ni matawi mawili ya mti mmoja. Hilo moja halikuzaa lile lingine.

Mti huo ni umetaboli, yaani jumla ya kazi zote za kikemia ambazo seli hufanya ili kupata nishati na kujijenga. Katika miaka ya 1920, mjini Berlin, mwanasayansi Otto Warburg aligundua kwamba seli za uvimbe wa saratani humeza glukosi, yaani sukari ya damu, kwa wingi na kuitoa ikiwa laktati, yaani sukari iliyovunjwa nusu njia, hata pale oksijeni inapokuwapo ya kutosha. Seli ya kawaida yenye oksijeni huichoma glukosi moja mpaka mwisho na kuvuna takriban molekuli 30 za ATP, ambayo ndiyo nishati inayotumiwa na seli. Njia ya mkato ya uvimbe huvuna 2 tu. Kwa nini seli yenye uchu wa kukua ichague njia yenye hasara namna hiyo? Maelezo yanayokubalika na wengi leo ni kwamba seli inayogawanyika haraka inahitaji pia malighafi ya kujengea utando, protini na DNA mpya, na vipande vya glukosi iliyovunjwa nusu njia vinafaa kwa ujenzi huo. Kipimo cha PET, ambacho siku hizi kinapatikana Nairobi, hutegemea ulafi huohuo: mgonjwa huchomwa sindano ya glukosi iliyobandikwa florini yenye mionzi, na pale inapojikusanya kupita kiasi panang'aa kwenye picha.

Laktati hiyo haitupwi. Damu huipeleka kwenye ini, nalo huijenga upya kuwa glukosi, katika mzunguko ulioelezwa na mume na mke, Carl na Gerty Cori, ambao baadaye walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Kuijenga glukosi moja hulitoza ini sawa na ATP 6, ilhali uvimbe uliivunja na kupata 2. Ni biashara ya kununua kwa elfu sita na kuuza kwa elfu mbili, mchana na usiku, na mtaji unaochotwa ni mwili wa mgonjwa.

Hata hivyo hasara hiyo haielezi kila kitu. Uvimbe mdogo kabisa wa kongosho unaweza kumkondesha mtu vibaya, na hauwezi kuwa umekula kilo zote hizo wenyewe. Kinachomaliza misuli zaidi ni amri zinazosafiri kwenye damu. Uvimbe, na kinga ya mwili inayopambana nao, hutoa saitokini, yaani protini za kupashana habari, na mwili hukaa katika mchochota usiokwisha, kana kwamba una jeraha lisilofunga. Mojawapo ya protini hizo, TNF, iliwahi kuitwa kakektini na watafiti Bruce Beutler na Anthony Cerami katika miaka ya 1980, kwa kudhaniwa kwamba ndiyo mkosaji mkuu. Dawa za kuizuia zilipojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani hazikufua dafu. Wakosaji ni wengi. Ndani ya misuli, amri hizo hufanya protini zitiwe alama na molekuli iitwayo ubikwitini, kisha zisagwe vipande vipande na kupelekwa kwenye ini.

Mmoja wa wakosaji hao anastahili kutajwa peke yake. GDF-15 ni homoni inayotolewa na seli zilizo taabani, na kipokezi chake kiko kwenye shina la ubongo, katika eneo la kichefuchefu na kutapika. Ndiyo hiyohiyo ambayo, ikitoka kwenye kondo la nyuma, huwatapisha wajawazito. Kwa hiyo anayesema "harufu ya chakula tu inanichefua" hadeki. Ubongo wake umepokea ujumbe wa kukataa chakula, na hakuna hotuba ya wifi itakayoufuta.

Hapa niseme neno juu ya ule ushauri unaozunguka WhatsApp, kwamba saratani hula sukari, basi acha ugali, wali, ndizi na matunda uvimbe ufe njaa. Umemchukua Warburg nusu na kumwacha nusu. Mwili hauruhusu glukosi ya damu iishe. Usipoila, ini huitengeneza, na malighafi yake mojawapo ni asidi amino, vijenzi vya protini, kutoka kwenye misuli. Mgonjwa aliyekwishapungua anayejinyima wanga anaulisha uvimbe kwa mapaja yake mwenyewe. Kupunguza soda na peremende ni busara kwa yeyote, na mwenye kisukari ana mpango wake na daktari. Kumnyima uji mtu anayekonda ni jambo lingine kabisa.

Sasa tuingie kliniki. Chukua mama wa miaka hamsini na kitu, ana saratani ya tumbo, amekuja kwa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, mara ya tatu. Nesi anamwamkia, "Shikamoo mama," anamwomba avue viatu na koti, aweke mkoba na simu pembeni, apande mzani uleule wa siku zote. Kilo 57.5. Nesi anaandika kwenye faili na kumwita mgonjwa anayefuata. Sehemu kubwa ya tatizo iko hapo: uzito ule uliandikwa kwa ajili ya kukokotoa dozi ya dawa, na hakuna aliyefungua ukurasa wa kwanza wa faili, ambako miezi minne iliyopita iliandikwa kilo 62. Tofauti ni kilo 4.5. Gawanya kwa 62, zidisha kwa 100, unapata asilimia 7.3.

Kwa makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2011, mgonjwa wa saratani aliyepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi sita, bila ya kuwa amekosa chakula tu, ana kakeksia. Kwa mtu mwembamba, mwenye uwiano wa uzito na urefu (BMI) ulio chini ya 20, au ambaye misuli yake imekwisha kupungua, zaidi ya asilimia 2 inatosha. Mama yule amevuka mstari, na bado gauni linamkaa vizuri. Mnene naye hupata kakeksia, tena yake huchelewa kuonekana. Maji ya tumboni na miguu iliyovimba huuongopea mzani, ndiyo maana nesi mzoefu hushika mkono wa juu na kutazama mabonde ya kwenye paji la uso karibu na masikio. Huuliza pia maswali mawili: umepungua bila kutaka? Unakula kidogo kwa sababu hamu imekwisha? Hayahitaji mashine. Na uzito una maana kwa tiba: uchunguzi wa Marekani wa mwaka 1980, wenye wagonjwa zaidi ya 3,000, ulionyesha kwamba waliopungua kabla ya kuanza kemo waliishi muda mfupi kuliko wasiopungua.

Baada ya mzani, nesi huwasha tochi na kuangalia kinywa. Utando mweupe kwenye ulimi ni fangasi, na fangasi wana dawa. Vidonda vya kemo huuma hata kwa maji, na kusukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo mara kadhaa kwa siku husaidia. Mgonjwa anayetumia mofini bila dawa ya kulainisha choo atafunga choo, na aliyefunga choo siku tano hana nafasi ya chakula tumboni. Dawa ya kichefuchefu ikimezwa nusu saa kabla ya kula hufanya kazi, ikimezwa baada ya kutapika ni hasara. Vitu vidogo hivi havigusi kakeksia yenyewe, lakini huondoa njaa iliyorundikwa juu yake, na kwa wagonjwa wengi hiyo ndiyo nusu inayotibika.

Kuhusu sahani yenyewe, mwongozo unaotumika Ulaya unataka kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1 kwa kilo, hadi 1.5. Mama yetu wa kilo 57.5 anahitaji takriban gramu 58 hadi 86 za protini. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo uji mweupe wa sembe hautamfikisha popote hata akinywa jagi zima. Uji uliotiwa karanga zilizosagwa na maziwa, dagaa waliopondwa, mtindi, mayai, maharage yaliyoiva vizuri, kidogo kidogo mara sita kwa siku, vikiwa vimepoa ili harufu isipande: huko ndiko kuna tumaini. Na atembee, hata kuzunguka nyumba, kwa maana misuli isiyotumika haijengwi na protini yoyote.

Saratani ya umio inahitaji mahali pake, kwa sababu Afrika Mashariki imo katika ukanda wenye ugonjwa huu kwa wingi. Hapa njaa halisi na kakeksia huja pamoja: njia imeziba, kwanza ugali, halafu uji, mwisho mate. Kumwambia mgonjwa huyu ajitahidi ni ukatili. Anahitaji njia ifunguliwe kwa kirija cha chuma kinachotanuka, kama wanavyofanya kwa miaka mingi katika hospitali ya Tenwek, Bomet, Kenya, au awekewe mpira wa kulishia. Na aliyekaa wiki nzima bila kula asilishwe kwa pupa: chakula kikiingia ghafla, fosfati, potasiamu na magnesiamu za damu hushuka na moyo unaweza kusimama. Huanzwa taratibu, vitamini B1 ikitangulia, damu ikipimwa.

Iko hatua ambayo misuli haitarudi tena kwa lolote, mgonjwa akiwa kitandani muda mwingi na maisha yakikadiriwa kuwa chini ya miezi mitatu. Katika tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso badala ya kuponya, lengo hubadilika. Dripu za kila siku mara nyingi huongeza maji mapafuni na miguuni bila kuongeza nguvu. Kazi ya nesi inakuwa kulowesha midomo, kumgeuza kila baada ya saa chache ili mifupa isitoboe ngozi, na kukaa na familia kuieleza kwamba kutokula ni sehemu ya ugonjwa. Kwa maoni yangu mazungumzo hayo yangefanyika mapema zaidi, siku ile ya kilo 57.5.

Dawa zipo, nyingine nzuri kuliko zilivyokuwa miaka kumi iliyopita. Deksamethasoni huamsha hamu kwa wiki chache, lakini ikiendelea nayo hula misuli. Megestroli huongeza kilo, nyingi zikiwa mafuta na maji, na huweza kugandisha damu. Japani iliidhinisha anamorelini, dawa ya kuamsha hamu ya kula, mwaka 2021. Mwaka 2024 kingamwili iitwayo ponsegromab, inayoikamata GDF-15, ilijaribiwa kwa wagonjwa 187. Waliopata dozi kubwa waliwazidi wa dawa bandia kwa kilo 2.81 baada ya wiki 12. Inayotugusa zaidi ni olanzapini, dawa ya zamani ya magonjwa ya akili, ambayo bei yake ni nafuu. Katika jaribio la India lililochapishwa mwaka 2023, wagonjwa 124 walioanza kemo walipewa miligramu 2.5 kwa siku au dawa bandia. Baada ya wiki 12, asilimia 60 ya waliopewa olanzapini walikuwa wameongezeka uzito kwa zaidi ya asilimia 5, dhidi ya asilimia 9 ya wenzao. Huleta usingizi na huweza kupandisha sukari ya damu, kwa hiyo anayeiandika awe daktari anayejua dawa nyingine zote ambazo mgonjwa anameza.