Gavana wa eneo la ng'ambo la Uingereza ni nani?

Himaya ya Uingereza ilivunjika, lakini maeneo 14 yamebaki chini yake: Bermuda, Gibraltar, Montserrat, visiwa vya Falkland na mengineyo. Si nchi huru, wala si sehemu ya Uingereza yenyewe. Kwenye mengi kati ya yale yenye wakazi yupo gavana anayemwakilisha Mfalme. Tofauti na gavana wa kaunti nchini Kenya, huyu hapigiwi kura. Anateuliwa London, na mara nyingi ni mwanadiplomasia.

Shule, hospitali na kodi ni kazi ya serikali iliyochaguliwa na wananchi. Gavana ana ulinzi, mambo ya nje na polisi, na mswada hauwi sheria mpaka utiwe saini yake. Ukimtazama kwenye gwaride tu, utadhani ni pambo.

Chukua mfano wa John Rankin, mwanasheria aliyekuwa balozi nchini Sri Lanka kuanzia 2011 hadi 2015. Huko aliweza kushauri na kushawishi. Wenye uamuzi walikuwa Colombo. Mwaka 2016 akawa gavana wa Bermuda. Februari 2018 akaletewa mswada wa kufuta ndoa za jinsia moja, ambazo mahakama ilikuwa imeziruhusu mwaka uliotangulia. London haikuupenda mswada huo, ila ilisita kuuzuia, naye akasaini.

Mtihani mkubwa ulimkuta Visiwa vya Virgin vya Uingereza, alikofika Januari 2021. Mtangulizi wake alikuwa ametoka kuunda tume ya kuchunguza utawala wa visiwa hivyo. Tarehe 28 Aprili 2022 Waziri Mkuu Andrew Fahie alikamatwa Miami kwa tuhuma za kokeini. Kesho yake Rankin akaitoa hadharani ripoti ya tume, iliyopendekeza sehemu za katiba zisimamishwe kwa muda na gavana atawale. Watu wakaandamana hadi nje ya makazi yake kupinga utawala wa moja kwa moja. Ukijiuliza ni nani aliyempigia kura Rankin, hasira yao inaeleweka, hata kama ripoti ilikuwa na hoja nzito.

Mrithi wa Fahie, Natalio Wheatley, aliunda serikali ya umoja na kuahidi mageuzi, na mwezi Juni London ikaiweka akiba amri ya kusimamisha sehemu hizo za katiba. Turks na Caicos, eneo jingine la Uingereza, haikuponea: mwaka 2009 ilinyang'anywa bunge na baraza lake la mawaziri, ikatawaliwa na gavana hadi uchaguzi wa 2012.