Vila ya Kirumi si jumba la kifahari

Nimeisikia mara nyingi mno, na juzi tena kwenye video ya watalii: "Hii ni vila ya tajiri wa Kirumi, katikati ya mji wa Pompeii." Ua, nguzo, kuta nyekundu. Nikazima simu.

Kwa kifupi, vila ni majengo ya shamba, nje ya mji: makazi na mahali pa kazi kwa pamoja. Basi.

Matangazo ya nyumba yametuzoesha kwamba vila ni bwawa la kuogelea na geti linalojifungua lenyewe. Kwa Mrumi, nyumba ya tajiri mjini iliitwa domus. Villa ilikuwa ya shambani, na ardhi yenyewe iliitwa fundus. Columella, aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya 1, anaigawa vila sehemu tatu: ya bwana, ya watumwa na mifugo, na ya kuhifadhi mavuno. Hesabu vizuri: bwana kapewa moja tu. Na kwa kuwa mara nyingi hakuwepo, kazi ilisimamiwa na vilicus, nyapara ambaye kwa kawaida naye alikuwa mtumwa.

Halafu neno likasafiri. Mtu wa villa akawa villanus, Wafaransa wakapata vilain, Waingereza wakapata villain, yaani mtu mwovu. Sisi hatuna cha kushangaa. Mtu wa shamba tulimwita mshamba, na hatukuwa tunamsifu. Kioja ni kwamba kwa Wafaransa haohao ville ni mji. Neno la shamba limehamia mjini, na mtu wa shamba kabaki na matusi.

Ukitaka kuiona vila yenyewe, nenda Boscoreale, karibu na Pompeii, Italia. Vila ya hapo, Villa Regina, ilifukiwa na mlipuko wa volkano ya Vesuvius mwaka 79. Ni ndogo. Uani kuna mitungi 18 ya udongo iliyozikwa hadi mdomoni, ya mvinyo, jumla lita 10,000 hivi. Mizizi ya mizabibu ilioza ikaacha matundu ardhini. Wanaakiolojia wakayamiminia plasta, wakajua kila mzabibu uliposimama, wakapanda mingine palepale.

Sikatai kwamba zilikuwepo za kifahari. Ile ya Piazza Armerina, Sicily, ina mozaiki, yaani picha za vijiwe sakafuni, za meta za mraba 3,500 hivi. Lakini hata hiyo iko mashambani.

Kwa hiyo ndugu mtangazaji, ile uliyotuonyesha ni domus. Kama ni kuta nyekundu unazozitaka, toka nje ya ukuta wa Pompeii, tembea dakika chache hadi Villa dei Misteri. Kuta zipo, maarufu dunia nzima. Ukimaliza kuzipiga picha, sogea vyumba vichache pembeni: mtambo wa kukamulia zabibu uko hapo.